KUMFUATA MUME AU MKE NG'AMBO: MAMBO YA KUTENGENEZA KABLA YA KUONDOKA

Kwa muda sasa wanachama wetu wa Bujumbura wanakuja ofisini wakiwa na bahasha za karatasi, wakiuliza jambo lisilo la mshahara wala la likizo. Mmoja mume wake yuko Ubelgiji. Mwingine mke wake alitolewa katika kambi ya Tanzania akapelekwa Kanada. Wa tatu baba yake yuko Marekani. Wote wanauliza swali moja: tufanye nini ili tuungane na watu wetu?

Tumeona vema kulieleza jambo hili katika ukurasa wetu wa Kiswahili, kwa sababu wengi wanaohusika wanakaa Buyenzi, Bwiza, Kinama na Kamenge, na matangazo ya balozi hayaandikwi kwa lugha yao. Sisi si mawakili, wala hatutoi viza. Lakini tumeziona karatasi nyingi, za waliokubaliwa na za waliokataliwa. Wengi waliokataliwa hawakuwa waongo. Walikataliwa kwa kuwa karatasi zao zilisema hivi na midomo yao ikasema vingine.

HAKI IPO, LAKINI INA MIPAKA

Kuungana kwa familia si zawadi ya balozi. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linaitambua familia kuwa msingi wa jamii na kutaka ilindwe. Shirika la Kazi la Kimataifa, katika Mkataba wake namba 143 wa mwaka 1975, linataka nchi zirahisishe kuungana kwa familia za wafanyakazi wahamiaji, na linawataja mume au mke, watoto wanaotegemea wazazi, hata baba na mama. Umoja wa Ulaya nao ulitoa sheria yake ya pamoja tarehe 22 Septemba 2003.

Hata hivyo kila nchi inaweka masharti yake, na masharti hayo hubadilika. Ubelgiji ilikaza sheria mwaka 2011: aliye kule aonyeshe kipato cha kutosha na cha kudumu, nyumba inayofaa na bima ya ugonjwa. Mwaka 2025 iliikaza tena. Kiwango cha kipato kilipandishwa, na umri wa mume na mke kwa kawaida ukawa miaka 21. Kwa hiyo bibi wa miaka 19, aliyeolewa kihalali mbele ya serikali ya Burundi, anaweza kuambiwa angoje. Msaada anaopewa maskini na serikali ya kule hauhesabiwi kuwa kipato. Basi mwenzako aliye Ubelgiji asidhani kwamba kupenda peke yake kunatosha. Yeye ndiye wa kwanza kutengeneza mambo, akiwa na kazi ya mkataba na nyumba yenye nafasi.

Kwa upande wa Marekani, mwezi wa Juni 2025 rais wa nchi ile aliiweka Burundi katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamezuiliwa aina nyingi za viza, zikiwamo za kuhamia. Mtu asilipe hata faranga moja kwa safari ya Marekani kabla ya kuuliza ubalozi wenyewe amri hiyo imefikia wapi siku hiyo.

FAMILIA YETU NA FAMILIA YA SHERIA YAO

Hapa ndipo penye taabu kubwa. Kwetu, mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu. Ndugu akifa, watoto wake huingia nyumbani mwetu, wanakula sahani moja na wetu, wanatuita baba na mama. Katika nchi iliyopita vita vya 1972 na 1993, nyumba nyingi zina watoto wa namna hiyo, na hakuna anayeuliza.

Sheria ya Ulaya inauliza. Kwake yeye familia ni mume au mke na watoto wao wasiooa na wasiofikia miaka 18. Mke ni mmoja tu. Mjomba, shangazi, bibi, mpwa, kaka mkubwa, wote kwa kawaida wako nje. Kanada ni pana kidogo. Inamkubali mtoto mpaka kabla ya kutimiza miaka 22 akiwa hajaoa wala kuolewa. Inakubali pia watu waliokaa pamoja kama mume na mke kwa mwaka mzima bila ndoa, mradi wathibitishe. Tena ina njia kwa kaka, dada, mpwa au mjukuu aliye yatima wa baba na mama, asiyefikia miaka 18 na asiyeoa. Njia hiyo wengi hawaijui.

Tatizo huanza pale mtu anapomwandika mpwa wake kuwa mtoto wa kumzaa. Anafanya hivyo kwa huruma, wala haoni uongo, maana kwake ni mtoto kweli. Mwaka 2008 Marekani ilifanya vipimo vya DNA kwa wakimbizi waliokuwa Nairobi wakiomba kuwafuata jamaa zao. Wengi wao walikuwa Wasomali na Wahabeshi. Familia ambazo uhusiano wote uliotajwa ulithibitika hazikufika asilimia 20. Katika waliobaki walihesabiwa hata wale ambao hawakufika kupimwa, na hapana shaka walikuwamo walezi wa yatima wengi. Mpango mzima ulisimamishwa mpaka Oktoba 2012. Hata wale waliosema kweli tupu walingoja miaka minne pamoja na wengine.

Kwa hiyo tunasema: mtoto wa kulea aandikwe kuwa mtoto wa kulea. Nenda mahakamani upate karatasi ya ulezi au ya kumfanya mtoto wako kisheria, na vyeti vya vifo vya wazazi wake. Njia hiyo ni ndefu, na mara nyingine haifiki. Lakini njia ya uongo ikikatika humwangusha mpwa pamoja na watoto wako wa kuzaa, na jina lako hubaki katika mashine zao kwa muda mrefu.

NDOA YA MSIKITINI, NDOA YA KANISANI NA NDOA YA SERIKALI

Wanachama wengi wa Buyenzi wanatuletea cheti cha nikahi. Wengine wanaleta picha za kanisani au ushahidi wa mahari. Mambo hayo yana heshima yake. Lakini kwa sheria ya Burundi, yaani Kanuni ya Watu na Familia ya mwaka 1993, ndoa ni ile iliyofungwa mbele ya ofisa wa etasivili. Ubalozi unataka hiyo.

Mtakumbuka kwamba mwaka 2017 serikali iliamuru watu waliokuwa wakikaa pamoja bila ndoa wajiandikishe kabla ya mwisho wa mwaka. Wengi walifunga ndoa kwa haraka wakati ule. Kwa hiyo karatasi inaonyesha ndoa ya 2017, na watoto wamezaliwa 2006 na 2010. Hilo si kosa. Lakini ofisa atauliza, na mume na mke wajibu jambo moja: tulianza kukaa pamoja mwaka fulani, kartiye fulani, tukaandikisha mwaka 2017. Wakijibu tofauti, ofisa atadhani ndoa ni ya kununua viza.

Wekeni pia ushahidi wa maisha yenu: picha za zamani, barua, ujumbe wa simu, karatasi za fedha alizokutumia, tiketi za safari alipokuja kukutazama. Usifute ujumbe wa miaka mitatu kwa sababu simu imejaa. Uhifadhi mahali pengine kwanza.

MAJINA YETU

Jambo jingine linalowashangaza maofisa wa ng'ambo ni majina. Kule baba, mama na watoto hubeba jina moja la ukoo. Kwetu baba anaweza kuitwa Ndikumana, mama Nahimana, mtoto wa kwanza Niyonkuru na wa pili Irakoze. Kila mtu ana jina lake, nao ni familia moja. Ofisa mgeni akiona majina manne yasiyofanana anajiuliza kama watu hao wanajuana. Kwa Waislamu wetu mtoto hufuata jina la baba, lakini Hamisi wa Juma anazaa Juma wa Hamisi, na mambo yanachanganyika hivyo hivyo.

Kwa sababu hiyo jina peke yake halithibitishi uzazi. Kinachothibitisha ni cheti cha kuzaliwa chenye majina ya baba na mama. Tazama kila herufi. Kama karangamuntu inasema Niyonzima na pasipoti inasema Nionzima, rekebisha sasa, usingoje siku ya ubalozi. Tarehe za kuzaliwa nazo zilingane katika karatasi zote. Waliozaliwa Nyarugusu, Nduta au Mtendeli watafute cheti cha Tanzania au karatasi za UNHCR zilizowaandika walipokuwa kambini. Kambi ya Mtendeli ilikwisha fungwa mwaka 2021, kwa hiyo karatasi iliyobaki mkononi mwako ni mali, itunze.

Kumbuka pia kwamba kwa sheria ya mwaka 2023 mikoa yetu imepunguzwa kutoka 18 hadi mitano, na komine kutoka 119 hadi 42, na mpango huo umetekelezwa mwaka 2025. Cheti chako cha zamani kinaweza kutaja komine ambayo haiko tena katika ramani. Usikitupe. Nenda katika komine mpya iliyopokea vitabu, uombe nakala mpya, na uweke ile ya zamani pamoja nayo.

Karatasi zikikamilika huhitaji muhuri wa kuthibitisha. Burundi iliingia katika mkataba wa La Haye wa apostille, nao ulianza kutumika kwetu tarehe 13 Februari 2015. Lakini nchi nyingine za Ulaya hazikukubali apostille yetu, nazo zinataka uthibitisho wa njia ya zamani. Uliza ubalozi unaohusika ndipo ulipe.

MTOTO ASIYETAJWA

Jambo hili tunaliomba lisomwe mara mbili, hasa na ndugu walioko kambini wanaongoja kupelekwa Kanada.

Sheria ya Kanada inamtaka kila mtu anayehamia kule ataje watoto wake wote na mume au mke wake, hata wale asiosafiri nao, hata wale asiojua walipo. Ambaye hakutajwa na hakuchunguzwa wakati ule anaweza kufungiwa mlango wa kuja baadaye kwa udhamini wa mtu yule yule. Mwaka 2019 walianzisha mpango wa kuwasaidia baadhi ya waliofungiwa, wakiwamo jamaa za wakimbizi. Lakini msitegemee huruma ambayo leo ipo na kesho inaweza kuondolewa.

Kwa nini mtu amfiche mtoto? Tunazijua sababu. Mwanamume ana mtoto wa nje ambaye mke hamjui. Msichana alizaa kabla ya kuolewa na anaona haya. Mwingine ameambiwa na wenzake kambini kwamba watu wengi huchelewesha safari. Mwingine anaamini mtoto amekufa vitani, na baadaye mtoto anaonekana. Haya ya siku moja mbele ya karani inaweza kumgharimu mtoto maisha yake yote pamoja na mzazi. Mtaje. Kama hujui kama yu hai, sema hivyo hivyo: sijui kama yu hai. Na Msalaba Mwekundu una kazi ya kutafuta jamaa waliopotezana. Kazi hiyo hailipishwi.

Kama mtoto ana mzazi mwingine anayebaki Burundi, upate idhini yake ya maandishi au hukumu ya mahakama inayokupa mtoto. Bila hiyo safari husimama, na ni haki isimame, maana mtoto si mzigo wa kubebwa kwa siri.

SIKU ZINAHESABIWA

Mkimbizi aliyepokewa Ubelgiji anasamehewa masharti ya kipato, nyumba na bima, kama familia ilikuwako kabla hajaingia kule na kama ombi linaletwa upesi. Zamani alikuwa na mwaka mmoja tangu apewe ukimbizi. Sheria ya 2025 imepunguza muda huo kuwa miezi sita. Miezi sita ni michache sana kwa mtu anayetafuta cheti komine, kisha mahakamani, kisha muhuri. Kwa hiyo anayebaki Bujumbura aanze kukusanya karatasi siku ile mwenzake anapoomba ukimbizi, asingoje jibu.

Kanada nayo inampa mkimbizi aliyehamishiwa huko mwaka mmoja tangu afike ili awaombee mke au mume na watoto aliowataja. Muda ukipita anabaki na njia ya udhamini wa kawaida, yenye gharama zaidi. Aliye Québec ajue kwamba jimbo lile lina taratibu zake. Mwezi wa Juni 2024 liliweka kikomo cha maombi 13,000 ya udhamini wa familia kwa miaka miwili, na watu wakajikuta wakingoja nje ya hesabu.

Kuhusu kufika ubalozini, tarehe 18 Aprili 2023 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg iliamua kesi ya familia ya Syria iliyokuwa Afrin. Ilisema Ubelgiji haiwezi kukataa kupokea ombi la familia ya mkimbizi kwa sababu tu familia haiwezi kufika ubalozini siku ya kuomba. Mke aliye mahali pasipofikika amwambie mumewe amweleze wakili wa kule habari ya hukumu hiyo.

Baada ya ombi kupokewa, sheria ya Ulaya inatoa miezi tisa ya kujibu, na kwa mambo magumu huongezwa. Ikiwa jibu ni hapana, lisome. Linaandika sababu na siku za kukata rufaa, nazo ni chache. Usilifungie sandukuni kwa huzuni.

MAKOMISYONERI

Popote penye foleni pana mtu anayeuza nafasi ya mbele. Makomisyoneri wanasema wana ndugu ndani ya ubalozi, wanauza vyeti, wanauza hata ndoa. Viza haiuzwi. Ada hulipwa mahali palipotajwa na ubalozi, nawe hupewa risiti. Asiyetoa risiti mkimbie. Msaada wa UNHCR kwa wakimbizi haulipishwi kitu, na anayedai fedha kwa jina lake ashitakiwe kwa shirika lenyewe.

Cheti cha uongo kikigunduliwa, komisyoneri hapotezi kitu. Anayefungiwa mlango ni mama na watoto wake.

KAZI YAKO YA HAPA

Sasa tunasema kama chama cha wafanyakazi. Tumewaona watu walioacha kazi siku walipopeleka karatasi, wakauza vitanda na mashine ya kushona, kisha wakakaa mwaka na nusu wakila kwa jirani. Usiache kazi kabla viza haijaingia katika pasipoti. Ombi linaweza kukataliwa hata likiwa safi.

Viza ikishatoka, toa notisi kwa maandishi kama Kanuni ya Kazi ya mwaka 2020 inavyotaka. Dai hesabu yako ya mwisho, pamoja na likizo usizochukua. Dai cheti cha kazi. Nenda INSS, uchukue namba yako na karatasi ya michango ya miaka yako yote, na kama kuna miezi ambayo mwajiri hakulipa, lalamika ukiwa bado uko hapa. Ukiwa Brussels au Montréal, ni nani atakayekusimamia mlango kwa mlango? Diploma na vyeti vya ufundi vipelekwe vya asili pamoja na nakala, maana kule vinapimwa upya.

UKISHAFIKA

Yapo mambo mawili ambayo anayefika ayajue. La kwanza, kibali chako cha miaka ya mwanzo Ubelgiji kimefungwa na mtu uliyemfuata. Mkiachana mapema, kinaweza kuondolewa. Sheria ya Ulaya inataka upewe kibali chako mwenyewe si zaidi ya miaka mitano tangu ukae. Lakini mke anayepigwa hana lazima ya kuvumilia miaka mitano. Sheria ya Ubelgiji inamtazama kwa namna ya pekee aliyepata mateso nyumbani. Kanada iliwahi kuwawekea sharti la kukaa pamoja miaka miwili baadhi ya waliofuata waume au wake, tangu 2012, ikalifuta mwaka 2017 kwa sababu liliwafunga wanawake katika nyumba za mateso. Dada yetu, ukipigwa, nenda kwa daktari, nenda polisi, utunze karatasi, kisha umwone wakili kabla ya kuhama.

La pili, aliyeungana na familia yake kwa kawaida anaruhusiwa kufanya kazi. Basi asikubali kazi ya kificho kwa nusu ya mshahara eti kwa sababu yeye ni mgeni. Ubelgiji kuna FGTB na CSC, Québec kuna FTQ na CSN. Ingia katika chama mapema. Uliyoyajifunza katika sendika yako ya Bujumbura yatakufaa huko pia.

Ndugu wafanyakazi, hatumwambii mtu aondoke wala abaki. Mume na mke kukaa mbali miaka mingi ni taabu, na watoto wanakua bila kumjua mzazi. Tunachosema ni kwamba sheria ya kule haiijui mioyo yetu, inajua karatasi tu. Aliye na mtoto ambaye hajaandikishwa aende komine wiki hii, hata kama hana mpango wa kwenda popote. Aliye na ndoa ya msikitini au kanisani tu aende etasivili. Mwenye bahasha asiyoielewa ailete ofisini kwetu, tuisome pamoja kabla hajaipeleka ubalozini. Kusoma barua kwa mwanachama hatutozi kitu.

Umoja ni nguvu.